Maharage ya Bibi na Tope la Ndiva

Baragumu la kijijini kwetu lilikuwa na sauti mbaya. Sisemi hivyo kwa kulidharau, nalipenda mpaka kesho, lakini ukweli ni kwamba lililia kama ndama aliyekanyagwa mkia. Buuuu, linakatika, mpigaji anavuta pumzi, halafu buuuu nyingine ndefu kuliko ile ya kwanza, inaenda kugonga mlima wa pili na kuturudia. Wewe uliyekulia milima ya Upare enzi zetu, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, najua hapo ulipo umeshaacha kijiko hewani. Baragumu likilia jioni, kesho ni msaragambo, na hakuna wa kubaki kitandani.

Kwa wale wa mikoa mingine niwaeleze kidogo. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima: barabara ikibomoka, shule ikivuja, au ndiva ikijaa tope. Ndiva nayo ni bwawa la wazee wetu, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Maji ya kijito yanalala humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mifereji kwenda mashambani, nyumba moja baada ya nyingine kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, maji yanakosa pa kulala. Basi watu wote wanaingia kulitoa.

Kilichonirudisha huko ni Madam. Nafanya kazi za ndani kwake hapa Dubai, mtaa wa Jumeirah Village Circle. Ni Mhispania, mama mpole anayeongea kwa mikono kuliko kwa mdomo. Juzi nakunja nguo, akaja na simu kunionyesha kijiji alichozaliwa. Nyumba za mawe zimebanana ubavuni mwa mlima, mapaa ya vigae vyekundu, mnara wa kanisa wenye kengele, na vikongwe wametoa viti nje jioni wanamkagua kila anayepita. Akaniambia kwao kila mwaka baridi ikiisha, kengele inapigwa kwa namna yake, na kila nyumba inatoa mtu mmoja na sepetu kwenda kusafisha mfereji wa maji. Wanaita hacendera. Wakimaliza wanakula pamoja kutoka sufuria moja kubwa, na nyumba iliyokwepa inasemwa mpaka mwaka unaofuata.

Soksi zikaniponyoka. Nikamwambia, "Madam, huo ni msaragambo."

Akanitazama. "Kwani Wahispania walifika kwenu?"

"Hapana, Madam. Tope ndilo limefika kote."

Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo nilizokwisha kukunja.

Toka siku hiyo sijatulia. Nadeki huku nacheka peke yangu. Jamani, tulikuwa na raha. Tulikuwa tunakaa juu ya magome ya migomba na kuteleza mtelemko wa nyuma ya shule mpaka sare zinabadilika rangi, halafu unarudi nyumbani kwa kutembea kinyumenyume ili bibi asione makalio. Tunapanda mipera, mapera mabichi tunayala na chumvi iliyofichwa kwenye soksi. Shuleni unakwenda na kidumu cha maji na fagio, na kidumu kikivuja njiani unamwomba mwenzako akutilie kidogo ukimpa ahadi ya kumsaidia hesabu, wakati wewe mwenyewe hesabu zinakupiga chenga. Mtu mzima yeyote alikuwa mzazi. Anakuchapa wa kwanza, anakupeleka nyumbani, unachapwa wa pili, na wanaokuchapa wanaagana vizuri kabisa.

Na makande ya msaragambo je? Watu wanatucheka sisi Wapare kwa makande, wacheke tu, hawajayala yale. Sufuria lilikaa kwenye mafiga tangu alfajiri, mahindi na maharage yanagongana humo ndani kama watu wanaobishana. Ukipakuliwa kwenye jani la mgomba, mvuke unapanda na harufu ya jani lenyewe, unaungua vidole na hutaki kungoja yapoe.

Sasa, kuna msaragambo mmoja. Nilikuwa darasa la tatu, naishi na bibi yangu peke yetu, mama yuko Tanga anatafuta maisha. Mwaka huo mvua ilinyesha kwa kuibia. Shamba la Bibi la maharage lilikuwa limetoa maua, na ndilo chakula chetu cha miezi yote ya mbele. Baragumu likalia, na Bibi yangu siku mbili nyuma alikuwa ameteleza akitoka kuokota kuni. Mguu ulivimba kama kiazi kikuu.

Sheria ilikuwa inajulikana: nyumba isiyotoa mtu, zamu yake ya maji inarukwa. Na ikirukwa, mpaka ikuzungukie tena, maharage yako yameshakuwa kuni za kuwashia moto.

"Maji hayana undugu na aliyelala," Bibi akasema. Akashika fimbo, akainuka, akapiga hatua, akakaa tena chini na kuugeukia ukuta. Sikuwahi kumwona Bibi akigeukia ukuta. Nikachukua karai letu lenye tundu, nikatoka.

Ndivani nilimkuta Babu Mgonja, msimamizi wa maji, amekunja suruali mpaka magotini na kusimama kama jaji.

"Wewe wa nyumba gani?"

"Ya Bibi Nakijwa."

"Yuko wapi?"

"Mguu umevimba, babu. Nimekuja mimi."

Akawageukia wanaume. "Nimeomba mtu, nimeletewa kifaranga." Wakacheka. Kisha akaniambia bila ukali, "Mtoto hahesabiwi, mjukuu wangu. Rudi ukamkande bibi yako mguu."

Sikuondoka. Miguu ilikataa tu. Mama Eliamini, jirani yetu, ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka vijiji vya bondeni, akanyanyuka kutoka kwenye tope. "Babu Mgonja, kifaranga huwa hali? Maharage yale yakikauka, utawapikia sheria zako?"

"Mama Eliamini, usinianze asubuhi."

"Nikuanze saa ngapi, basi? Nipangie zamu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Babu Mgonja akajikuna ndevu. "Haya. Abebe kama wenzake. Lakini akilia tu, ameondoka, na zamu imeondoka naye."

Nikabeba. Tope la ndiva ni zito, na baridi yake inakuingia mpaka kwenye meno. Lile tundu la karai likawa linanichuruzikia sikioni. Wenzangu wakiimba, naimba kuliko wao. Mpaka jua lilipokuwa linaanza kuchoma nilikuwa najiona mkubwa kuliko mnara wa kanisa.

Halafu nikateleza.

Niliteleza kutoka juu ya ukuta kabisa, chali, karai tumboni, nikawapita akina mama wote mmoja mmoja kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, nikaenda kutua miguuni pa Babu Mgonja na kumrushia tope mpaka kwenye nyusi. Kiwiko kiliniuma, mdomo umejaa tope, na nikasikia kabisa kilio kinapanda kutoka tumboni. Nikamwona Babu Mgonja ananitazama mdomo. Kijiji kizima kinanitazama mdomo. Nikaufungua, kikatoka kicheko. Mpaka leo sijui kilitoka wapi. Nilicheka nikashindwa kusimama, Mama Eliamini akadakia, ikawa ndiva nzima inacheka.

Babu Mgonja alijifuta uso taratibu. "Nyumba ya Nakijwa imehesabiwa," akasema. "Na mtoeni huyo kabla hajaniua."

Siku hizi mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye, ananiambia msaragambo unatangazwa kwenye grupu la WhatsApp. Watu wanaweka dole gumba, wanageukia upande wa pili, wanalala. Wengine wanatuma picha ya jembe. Madam naye anasema kwao wamebaki vikongwe, kengele siku hizi inajipiga yenyewe kwa umeme, na mfereji unasafishwa na wachache wanaorudi likizo. Tulipofika hapo mimi nikarudi kwenye pasi yangu, yeye kwenye kahawa yake. Huku Dubai maji ni kufungua bomba tu, wakati wa joto yanakuja ya moto hata hujayaomba, na sijui jina la mtu wa mlango wa pili. Silalamiki, hapa ndipo riziki ilipo. Jioni nikirudi chumbani kwetu Discovery Gardens namsimulia Wairimu, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Aki wewe, uko kwa AC na bado unaota matope." Naota, ndiyo. Naota nimefika kile kijiji cha Madam baridi imeisha, vikongwe wananikagua kwenye viti vyao, mtu ananipa sepetu. Kule najua watanihesabu.

Basi mwaka ule wa darasa la tatu, zamu yetu ilifika kesho yake baada ya msaragambo, jua likichomoza. Bibi alikaa mlangoni mwa nyumba na mguu wake ananipigia kelele za maelekezo, sikusikia hata moja. Mlangoni mwa shamba nililing'oa kwa mikono miwili donge la udongo na majani lililoziba mfereji. Maji yakaja polepole, yakisukuma povu na majani makavu mbele, kisha yakapata njia na kukimbia, nami nikakimbia pembeni yake nayaonyesha pa kupita. Yaliingia tuta hadi tuta. Kona ya mwisho, yenye mawe, yalikataa kupanda. Kulikuwa na shina moja la maharage limebaki pakavu. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nikarudi, nikakaza kisigino ardhini na kukiburuta, nikachora mfereji mwembamba kutoka kwenye tuta mpaka kwa lile shina, nikasimama palepale mpaka maji yakalifikia.