Kikohozi cha Baba Mkwe

Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Si kwamba tuligombana, la! Ndiyo heshima yetu. Akipita, najifunika kichwa na kujibanza migombani mpaka aende zake. Naye alikuwa muungwana: akikaribia nyumba yetu alikohoa kwa nguvu, nipate nafasi ya kukimbia. Tangu niolewe, nilimjua kwa kikohozi tu.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipofika, vikatufungia katikati. Kwa mama yangu ni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Waingereza, na kaka yangu alikuwa akiwabebea risasi hao. Huku mume wangu akasakwa awabebee Wadachi. Jamani, ugomvi si wetu, mabega ndiyo yetu! Vivuko vililindwa na askari, mitumbwi ya ziwani kule Mwaya ikatobolewa. Ningekimbilia wapi?

Asubuhi moja askari wawili wakaja kutaka mpagazi. Mume wangu alikuwa darini, juu ya mafiga, amelala katikati ya kuni. Nikasema ameenda Lyulilo kununua vyungu. "Basi tutamngoja," wakasema. Wakakaa mlangoni, wakakata mkungu wangu wa ndizi, wakaniamuru nipike. Nilitaka kupikia nje, wakakataa, mvua ilikuwa inanyesha.

Nikawasha moto ndani. Nilichagua kuni kavu, nikapuliza kidogo kidogo, lakini moshi ni moshi tu, ukapanda darini. Wakala, wakataka tena. Niliwachukia, sifichi. Hata mume wangu nilimchukia kwa kuwa na mapafu.

Akakohoa. Mara moja tu, kwa kujibana.

Askari mmoja akasimama na bunduki. "Nani huyo?"

Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya nyumba kikasikika kikohozi kingine, kile ninachokijua. Miguu ikataka kukimbia kama ilivyozoea, lakini mlango ulikuwa na askari. Baba mkwe akaingia, amelowa chapachapa. Kumbe alikuwa amejibanza migombani, pale pale pangu, akituangalia.

"Ni mimi niliyekohoa," akasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Nilikuwa nimejificha."

Askari akacheka. "Mzee huyu? We mwanamke, huyu ndiye mume wako? Mtazame!"

Loo! Kwetu kutamka hivyo ni aibu ya kukufukuzisha kijijini. Nikafunua kichwa, nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yakinisihi niseme.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye mume wangu."

Wakamfunga kamba shingoni. Alipofika mlangoni akageuka kidogo. "Ndaga," akasema, yaani asante. Hakuwahi kuniambia neno jingine maishani mwake.

Hakurudi. Waliokuwa naye walisema alianguka njiani na mzigo wake. Tulipokuwa tukimlilia, wake za wanawe wengine wakanivuta pembeni kuniuliza uso wake ulikuwaje. Nikawaambia alifanana na mume wangu. Na kweli walifanana.

Mume wangu hajaniuliza nilisema nini siku ile, maana alisikia yote. Ila tangu hapo, kikohozi kikimshika, hutoka nje, hata mvua ikinyesha. Anakohoa huko huko mpaka kiishe, ndipo anarudi ndani.