Kikopo cha Mwisho cha Kahawia

Nyumbani kwa Loisi, Ihumwa, rangi hulala chini ya kitanda. Kabati lipo, lakini liko karibu na bati, na bati la Dodoma mchana hupika. Rangi za akriliki, zile zinazochanganywa kwa maji na kukauka ngumu kama plastiki, hazivumilii joto, na upepo mkavu wa Julai ni adui mbaya zaidi. Ukisahau kifuniko ukaenda kusonga ugali, ukirudi unakuta ngozi imetanda juu. Kwa hiyo Loisi na mumewe, Yotham, waliziweka kwenye sakafu ya saruji, ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa gunia bichi. Kila kikopo kilifutwa mdomo kabla ya kufungwa, kikasimamishwa kichwa chini ili hewa ikose pa kupenya. Ndani yake ilikaa gololi ya kioo ya kukorogea rangi kikitikiswa.

Yotham alianza maisha kwa kuandika vibao vya maduka. Serikali ilipohamia Dodoma na ofisi za wachoraji majengo zikaongezeka, akawa anaunda mifano midogo ya majengo yatakayojengwa, na Loisi anapaka rangi watu wa kusimama mbele yake, watu wasiozidi kidole gumba. Baadaye kompyuta zikaanza kuchora majengo hayo vizuri kuliko wao, na ofisi zikaacha kuwaita. Wakabaki na kazi za makanisa, shule na vikundi. Watu wao waliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu uliotiwa gundi, udongo uleule ambao watoto wa Kigogo hufinyangia ng'ombe wa kuchezea.

Kazi yao ya mwisho pamoja iliagizwa na Charles, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo. Alitaka shamba la zabibu ndani ya sanduku la kioo, la kuweka kwenye banda lao la maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni, na humo awemo kila mwanachama, anayejijua kwa sura yake. Alileta picha kwenye simu. Mwanachama mmoja alituma ujumbe kwamba tumbo lake lipunguzwe. Yotham akamjibu kwamba tumbo halipunguzwi kwa brashi, aanze kukimbia.

Loisi alipaka nguo, matenga na majani. Ngozi za watu zilikuwa kazi ya Yotham, na kahawia yake hakuna aliyewahi kuipata. Hakuwa na vipimo. Alitia nyekundu ya kutu, manjano kidogo, bluu kidogo sana, akakoroga, kisha akapaka tone nyuma ya kiganja chake. Tone likionekana, bado. Likipotea kwenye ngozi yake, rangi imekubali. Kutoka hapo ndipo alipoipunguza au kuikoleza kwa kila mtu.

Alikuwa amemaliza safu ya kulia, wale wanaochuma, pale alipoamka asubuhi moja ya mwezi wa sita akilalamika kuumwa kichwa. Jioni hiyo alifariki mapokezini hospitalini, kabla hajaonwa na daktari.

Baada ya matanga Loisi alirudi kwenye meza. Safu ya kushoto, ya wabebaji, ilikuwa na nguo lakini haina nyuso. Kikopo cha mwisho cha kahawia kilikuwa na rangi ya kuwatosha wote, ila ilikuwa imeanza kuwa nzito. Hilo halikumtisha. Dawa yake waliijua miaka yote: matone machache ya maji ya mvua. Maji ya kisima ya mtaani kwao yana chumvi. Sufuria zote za Ihumwa zina ukoko mweupe wa kuyashuhudia, na rangi ikiyanywa huharibika. Kila masika Yotham alikinga maji ya bati, akayachuja kwa kitambaa na kuyaweka kwenye galoni ya bluu ukumbini. Galoni ilikuwepo, imejaa. Loisi akadondosha, akatikisa, akapaka wabebaji wawili, akalala.

Asubuhi nyuso zile mbili zilikuwa na unga mweupe, kama watu waliotoka mashine ya kusaga. Rangi kikoponi ilikuwa imekatika kama maziwa yaliyoganda: mabonge chini, maji ya rangi ya chai juu. Alitikisa, alichuja. Mabonge yalibaki mabonge. Akaenda kwenye galoni, akachota kwa kiganja, akaonja.

Mama mkwe wake, Anyesi, alikuwa uani akipepeta uwele. Hakuwa amerudi kwake tangu mazishi. Loisi alimuuliza kwa upole kama anajua habari za galoni ya bluu.

"Yale maji? Tuliyachemshia chai, mwanangu. Waombolezaji walikuwa wengi na kisimani kulikuwa na foleni. Chai ilikuwa tamu siku ile, hata watu walisema."

"Na yaliyomo sasa, mama?"

"Ya kisimani. Tuliyajaza jioni ileile, mimi mwenyewe nilisimamia. Tungemwachiaje mfiwa galoni tupu?"

Loisi alimshukuru. Alirudi ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni kando ya sanduku la rangi. Hakukuwa na wa kumlaumu. Hata yeye, kwenye msiba wa mwenzake, angeijaza.

Siku zilizofuata alijaribu kuitengeneza kahawia upya kwa maji ya dukani. Alipata kahawia nyingi: moja iliyopauka, moja yenye wekundu wa tofali, moja iliyokaribia kabisa mpaka ilipokauka, maana akriliki hukauka ikawa nyeusi kuliko ilivyo mbichi. Mkono wa kupimia haukuwepo tena. Alijaribu kwenye mkono wake, na mkono wake ulikuwa wa rangi nyingine. Mwishowe aliwapaka wabebaji wote ile iliyopauka, maana ndiyo iliyobaki karibu zaidi.

Charles alikuja wiki moja kabla ya maonyesho. Aliinama, akatazama safu ya kulia, akatazama ya kushoto.

"Shemeji, hawa wa kulia wazima, hawa wa kushoto kama wametoka kulazwa," akasema, kisha akaona uso wa Loisi, akaacha kucheka. Akakaa. Alieleza taratibu kwamba watu wa kikundi watajitafuta, na aliyepauka atadhani ametengwa. Hakumwambia afanye nini. Alisema tu kwamba wote wangependa kufanana.

Loisi alijua maana yake. Nyuso za kushoto hazingeweza kufuata za kulia. Za kulia ndizo zingefuata.

Alipaka peke yake, mlango umefungwa. Alianza na miguu, kwa kuwa miguu haimtazami mtu. Akapanda mikono, akapanda shingo. Rangi ya Yotham ilimezwa kwa mpako mmoja. Mwembamba tu, alijiambia hivyo, kana kwamba wembamba ungepunguza kitu. Uso wa mwisho aliushika muda mrefu kabla ya kuufunika.

Siku ya maonyesho watu wa Hombolo walijazana kwenye banda, wakinyooshea vidole vioo na kubishana nani amependelewa. Mwenye tumbo alilikuta lipo lote, akawa anawaita watu waje walione. Anyesi naye alifika, amejifunga khanga ya msiba. Alisubiri watu wapungue, akamshika Loisi mkono.

"Nionyeshe wale aliowapaka mwanangu."

Loisi alinyoosha kidole kwenye safu ya kulia.

Bibi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa polepole.

"Hata bila kuambiwa ningewajua," akasema. "Mkono wake hauchanganyiki na wa mtu."

"Ndiyo, mama," Loisi akasema, akaufuta ule ukungu kwa ncha ya kitenge chake ili mama mkwe aendelee kutazama.