Mwanga Usiotakiwa Kutikiswa

Mdogo wangu alisoma kuliko sisi sote. Mimi niliishia darasa la saba nikabaki Kibosho na wazazi, kwenye kahawa na migomba. Yeye alipata nafasi ya kusoma Ulaya, na kazi yake huko ilikuwa kubuni leza za uzi wa kioo. Neno leza nyumbani kwetu tulilijua kwa ajili yake tu.

Krismasi ya mwisho ambayo mdogo wangu alikuja, baba akiwa bado mzima, alijaribu kutueleza. Alisema uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, na ndani yake wametia madini kidogo. Mwanga unakwenda na kurudi humo, unapata nguvu, kisha unatoka. Shida ni kwamba walitaka utoke na rangi moja tu, isiyochanganyika na nyingine, isiyohamahama. Kiganja cha mtu kikiukaribia uzi, kioo kinapata joto, kinarefuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na rangi inahama. Mlango ukibamizwa, inahama. Hata mtu akipita nje ya chumba kwa viatu vizito. Kwa hiyo alikuwa akiutengenezea ule uzi sanduku, na sanduku hilo akalitia ndani ya jingine lililokalia mpira, joto la ndani lisipande wala kushuka.

Baba mdogo akasema, "Sisi tunafuga ng'ombe ndani, wewe unafuga mwanga."

Watu walicheka, naye akacheka. Baba hakucheka. Alimuuliza maswali mengi, taratibu, kama anayeuliza habari za ndama wa jirani. Mwishowe alisema ameelewa: ni kama mbege, pombe yetu ya ndizi, inapochachuka, huifunui wala hukisogezi chombo. Mdogo wangu akakubali kwamba ni karibu hivyo.

Mwaka uliofuata baba alianza kukonda. Daktari mjini Moshi alituambia ni uvimbe tumboni na umeshasambaa. Siku zile zile mdogo wangu alikuwa ametuambia kwenye simu kwamba kifaa kimetulia kwa mara ya kwanza, na sasa watakipima kwa wiki kadhaa. Baba akaniita chumbani. Alisema mtu mwenye huzuni mikono humtetemeka, na kile kitu hakitaki kutetemeshwa. Nisimwambie mtoto chochote mpaka wamalize kupima.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Mara mbili nilishuka Moshi kupiga simu posta, na mara zote mbili aliniuliza kama baba hajambo. Nilisema hajambo, anaota jua uani. La kuota jua lilikuwa kweli, na nililichagua kwa sababu hiyo.

Baba alifariki kabla wiki hizo hazijaisha. Siku yake ya mwisho ya kusema aliniuliza kama mtoto amemaliza. Nikamwambia bado kidogo.

Baba mdogo ndiye aliyempigia simu kumpa habari. Tulisubiri mpaka alipofika ndipo tukazika, kule kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kati ya migomba. Alitupa udongo wake kaburini. Jioni alinifuata jikoni, akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia. Nikamweleza na lile neno la baba la mikono kutetemeka. Alivuta kigoda akakaa.

"Dada," alisema, "kile kifaa hakinihitaji. Ndiyo kazi yenyewe. Miaka yote hii natafuta namna kitulie bila mtu kukiangalia. Kilipotulia ningeweza kufunga mlango nikaja."

Asubuhi nilikwenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili. Kwetu aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata kama kosa ni la damu. Nililijua hilo nilipokuwa nikilikata. Nadhani ndiyo sababu sikumwomba kwa mdomo tu. Alilipokea inavyotakiwa, akasema, "Yameisha, dada." Sikuweza kujua kama ni yeye aliyesema au ni lile jani.

Alirudi kazini. Nilisikia kwa mama kwamba vipimo vilikuwa vizuri, kwamba ule mwanga ulikaa mahali pake wakati wote ambao yeye alikuwa huku akizika.

Sasa tuna simu ya mkononi nyumbani, naye hupiga Jumapili tukitoka kanisani. Namwambia kila kitu. Mama akiumwa goti, ng'ombe akikohoa, mgomba ukiangushwa na upepo, namwambia, hata mambo ambayo mtu wa mbali hana haja nayo. Yeye husikiliza mpaka nimalize. Kisha huuliza, kwa upole, bila hasira yoyote ninayoweza kuisikia:

"Ndiyo yote, dada?"

Namjibu ndiyo yote. Halafu tunangoja kidogo, mimi huku na yeye kule, kabla hajaomba kuongea na mama.