Kauboi Aliyekuja na Wazee

Naandika riwaya ya mapenzi ya makauboi, na nataka ieleweke kwamba naiandika vizuri. Najua bastola ipi ilikuwa bado haijaundwa. Najua makauboi wengi walikuwa vijana wa kuajiriwa, wachovu, wananuka ng'ombe, na si wachache waliokuwa weusi kama sisi. Jioni nikitoka ofisini Marshalltown, hapa Johannesburg, wenzangu huwasha tamthilia. Mimi huketi kuchunguza kama seng'enge ilikuwa imefika Texas. Sura zilizokamilika nilimpa mume wangu kabla ya Krismasi. Kila nikimuuliza, ananiambia anasoma polepole ili aonje.

Rafiki yangu wa kanisani, Mkenya mwenzangu, alinisikia nikiisimulia, na kabla ya Pasaka akawa na kauboi wake. Hakuchunguza chochote. Alikuwa akituma sura baada ya sura kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, nao wakawehuka. Wanawake wenye shahada mbili walikuwa wakiandika "tuma ingine, haki nakufa." Mimi niliweka kidole gumba tu. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi moja ushirika wetu ulikutana nyumbani kwake. Tulipomaliza maombi, wakamwomba asome sura mpya kwa sauti. Nilifurahi, kwa sababu nilikuja nimejiandaa kuhesabu makosa.

Kauboi wake akafika kwenye shamba la mchumba akiwa na wazee. Wazee! Wanawake wa nyumbani wakafunga geti, wakaimba, wakakataa kufungua hadi wageni watoe kitu. Kisha bibi harusi akafichwa katikati ya binamu zake, wote wamefunikwa mablanketi kuanzia kichwani, bwana harusi amtambue mwenyewe.

"Mama, ngoja," nikasema. "Hiyo ni ya kwetu. Texas hakukuwa na mambo ya kufunika bibi harusi."

"Wewe nawe! Mwache asome," akasema aliyekaa kando yangu, huku akifuta macho kwa leso.

Akaendelea. Kauboi akavua kofia, akapita mbele ya wale waliofunikwa, akasimama kwa wa mwisho. Blanketi lilikuwa fupi. Aliona kidole kidogo cha mguu kilichopanda juu ya kidole cha pili, akasema, "Huyu. Hata mkimfunika na dunia, huyu ni wangu."

Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilivuta miguu yangu chini ya kiti.

Kidole hicho ni changu. Na maneno hayo aliyasema mume wangu kwetu nyumbani, siku ya mahari, leso niliyofunikwa ikiwa imeniishia kwenye vifundo vya miguu. Sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa namwekea binti wa riwaya yangu, sura ya mwisho, nikishapata namna ya kuifanya iaminike.

Rafiki yangu aliniona uso. "Si mzee wako alinisaidia hapo?" akasema, bila kuficha lolote. "Nilimtumia, akaniambia wazee wangu wanaongea kama makarani. Akanirekebishia yote. Eish, mama, yule mtu anasoma! Amenirudishia na masahihisho mara mbili."

Nilicheka na wengine. Nilikunywa chai yake, nikamsifia mandazi, na ningeweza kumng'ata.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilikuwa nimepanga kumuuliza kuhusu kidole, kwa ukali, mpaka ajutie. Lakini kilichonitoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Yangu umefika wapi?"

Aliwaza kidogo, kisu hewani, kwa moyo mweupe kabisa.

"Pale binti anashuka kwenye treni," akasema. "Hapo ni patamu sana."

Binti anashuka kwenye treni katika sentensi ya kwanza.