Sema Pia Jioni

Juzi nilitembelea gereza la zamani la mkoloni karibu na Nyeri, ambalo siku hizi ni makumbusho. Kati yetu wageni alikuwepo bibi mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike.

Kijana anayetembeza wageni alisimama mlangoni mwa seli ya wanawake, akasoma karatasi yake: "Hapa wafungwa walipigwa mpaka wote wakataja wenzao."

"Ati wote?" bibi akauliza.

"Ndiyo, shosho. Imeandikwa hivyo."

Bibi akauachia mkono wa mjukuu. "Mimi nililala kwa hii chumba. Nilikuwa msichana tu, nimeletwa kutoka Mukurweini. Waliniuliza majina kila asubuhi. Sikutaja hata moja."

Kijana aliikunja karatasi, akaomba msamaha. Mjukuu akamsihi nyanya yake aingie ndani ampige picha.

"Siingii. Nilitoka hapa na miguu yangu. Hakuna mtu atanirudisha."

Tulipotoka, walimu kadhaa kutoka Kagio walikuwa wanaingia. Kijana akaanza upya, bila karatasi: "Hapa wafungwa walipigwa, na wengine wakataja wenzao. Lakini kulikuwa na msichana wa Mukurweini. Aliulizwa kila asubuhi, na hakutaja."

Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akainua fimbo. "Na jioni! Sema pia jioni!"

Wahariri wengi wamenisahihisha katika kazi yangu ya uandishi, na nimebishana nao karibu wote. Kijana hakubishana. Aliwageukia walimu, akapaza sauti: "Asubuhi na jioni."