Farasi wa Kumtoa Bibi Ndani

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hatoki. Tangu miguu imgomee, dunia yake ilikuwa kitanda, kiti cha plastiki na dirisha la kuchungulia kwa jirani, ambako aliona mengi kuliko jirani mwenyewe. Ndiye aliyenilea. Kwa hiyo nilipochumbiwa nilisema wazi: Bibi asipofika ukumbini, siolewi. Naye akasema wazi zaidi: habebwi mgongoni kama gunia la mkaa, na kiti cha magurudumu ni cha wagonjwa. Yeye si mgonjwa, miguu yake ndiyo migonjwa.

Mchumba wangu akaja kumbembeleza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kakutuma mke mwenzangu, eh? Mwambie nitakuja siku utakayonifuata na farasi."

Sie wa nyumbani tukacheka. Kwetu Temeke bibi akisema hivyo, keshakukatalia kiungwana. Ila mchumba wangu ni mtu wa bara, karani, sijui bibi zao hawataniagi. Akauliza, "Wa aina gani?"

Jamani! Wenzangu wakiposwa wanapelekwa kula chipsi kuku, mie natajiwa aina za farasi. Eti Mwarabu ana kichwa kidogo, mkia juu, anakwenda masafa marefu bila kuchoka, ila ana hisia kali. Nikamwambia ninaye shangazi wa hivyo. Eti yule wa mbio wa Kiingereza ni miguu mirefu na wasiwasi, kopo likianguka tu, huyooo! Wapo pia wa Ulaya wa kuvuta mikokoteni, kwato kama masufuria ya pilau; hao joto la hapa lingewamaliza kabla ya adhuhuri. Na yupo wa Kisomali, mfupi, hana sura, anakula majani makavu na hana habari na mtu.

Kamati ya harusi nayo ikajaa mabingwa wa farasi. Watu ambao mnyama mkubwa waliyewahi kumshika ni ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti, tena keshapimwa kwenye mizani! Mwenyekiti, mjomba wangu, akapitisha: Mwarabu mweupe, la sivyo majirani watasema. Kulikuwa na bwana mmoja Kimbiji anafuga farasi wa kupandisha watu ufukweni, mchumba wangu akatumwa huko.

Siku ya siku Fuso likasimama mlangoni kwetu. Likafunguliwa nyuma, kikashuka kitu cha kahawia, kifupi, tumbo mbele kama mwenyekiti wa kamati. Mie nimetoka saluni, nilitaka kulia nikakumbuka wanja.

"Mwarabu yuko wapi?" mjomba akafoka.

"Nilimjaribu," mchumba wangu akasema. "Ikapita bodaboda na honi yake, nikajikuta mchangani. Huyu wa Kisomali nimempigishia tarumbeta sikioni, akapiga miayo."

Wanakamati wakasonya. Bibi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anamtazama mnyama. Akikataa sasa, ndiyo basi, nimevaa shela la bure.

"Mume wangu," akasema, "mie nilikuwa nakutania."

"Najua, bibi. Toka siku ile najua. Sasa twende."

Nilimtazama yule mwanaume kana kwamba ndiyo kwanza nimeposwa naye. Bibi alicheka mpaka machozi, kisha akafoka aletewe khanga yake mpya na udi. Wakapanga kreti za soda kama ngazi, wajomba wakamnyanyua, na yule asiyebebwa akabebwa bila neno. Matarumbeta yakalia, vigelegele, mtaa mzima nje. Farasi hakutikisa hata sikio. Bibi akawapungia mkono majirani wote, hata yule wa dirishani ambaye hawakuwa wakisalimiana.

"Mwenda pole hajikwai," akamwambia mjomba toka juu.

Bibi alitangulia mbele ya haki kabla sijajifungua mtoto wa kwanza. Picha kubwa sebuleni kwetu ni ya siku ile. Yeye yuko juu ya farasi, mkono kiunoni. Mume wangu kashika kamba. Mie nimetokea bega moja na kipande cha shela. Mgeni akiuliza biharusi ni yupi, mume wangu humwonyesha yule aliye juu ya farasi, nami sijambishia hata siku moja.