Mshika Kichwa wa Chumba cha Mrija

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nishike kichwa cha mtu. Ilikuwa mwaka 1974, nina miaka kumi na saba, nimetoka tu kidato cha nne, na hospitali moja pale Arua ilitaka msichana anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kikakwa. Nilidhani nitaandika barua. Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji akanitazama mikono, akasema haitetemeki, akanipa aproni. Hakujua kwamba mikono yangu ilitulia kwa sababu woga wangu wote ulikaa mdomoni. Nilikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari, na daftari hilo liko mbele yangu sasa ninapowaandikia ninyi vijana mnaofanya kazi hii kwa mipira laini inayojipinda.

Enzi zetu bronkoskopi, yaani kuchungulia njia za hewa, ilifanywa kwa mrija wa chuma ulionyooka, mrefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, wenye kitaa kidogo kama punje ya mtama. Mgonjwa hakupewa usingizi. Alipuliziwa ganzi kooni, akalazwa chali, kichwa kikaning'inia nje ya meza, na mshika kichwa akakibeba kwa mikono miwili, akikiinua, akikishusha, akikigeuza kadiri Daktari Mkuu alivyoagiza. Chuma hakipindi, kwa hiyo aliyepindwa ni mtu.

Waliokuja walikuwa watu wa kikohozi cha miaka: waliomaliza sindano zote za kifua kikuu wakabaki wanakohoa, waliojaza kopo la makohozi kila asubuhi. Walikuja na hofu. Mjini ilisemwa kwamba hospitali iko na chuma cha kuvuta pumzi ya mtu. Na siku zile za utawala wa kijeshi chochote kilichofanyika nyuma ya mlango uliofungwa kilitisha, maana watu walikuwa wakipakiwa na askari kwenye magari mchana kweupe na ndugu zao hawakuthubutu kuuliza. Mama mmoja wa Ludara aliniambia baadaye kwamba ganzi ilifanya koo lake liwe la mtu mwingine.

"Maumivu si sana," akasema. "Ni kujua kwamba ukitaka kulia, sauti haiko."

Ndiyo maana Daktari Mkuu aliwapa ishara. Mgonjwa akiona pumzi inamkatika, ainue kidole kimoja. Mshika kichwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi, naye ndiye wa kusema.

Sheria moja ilizidi zote: mgonjwa asile wala asinywe tangu usiku. Koo likishakufa ganzi, kilichoko tumboni kikipanda kinashukia mapafuni, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Fomu ilikuwa na mstari wa kujibu kama mgonjwa amekula au amekunywa, na pembeni nilitia saini.

Mzee Marjan alikuja katika mwezi wangu wa tatu. Alikuwa Mnubi wa Koboko, fundi cherehani, kanzu yake nyeupe, kopo lake la makohozi amelifunika kwa leso safi. Alimzidi baba yangu umri. Benchi lilikuwa limejaa watu, nami nilitakiwa kumhoji mwanamume wa rika lile habari za tumbo lake mbele yao wote. Nilimsalimia, nikatazama viatu vyangu, nikaandika "hapana", nikatia saini.

Tukamlaza. Ganzi ilikuwa imeshaingia na kichwa chake kiko mikononi mwangu, uso wangu juu ya uso wake, ndipo nikasikia harufu ya kahawa ya tangawizi, mbichi kabisa, ya asubuhi ileile. Daktari Mkuu alikuwa ameshainua mrija. Daftari linasema nilihesabu pumzi zake tatu kabla sijafungua mdomo.

"Daktari, amekunywa."

Sista Mkuu akauliza nimesema nini. Kabla sijarudia, kifua cha mzee kikaruka, kahawa ikapanda kooni. Tulimgeuza ubavu. Sista akakanyaga mashine ya kufyonza kwa mguu, mimi nikalishikilia taya, na midomo ya mzee ikageuka rangi ya majivu. Sijawahi kuogopa vile, hata katika mwaka wa vita. Mwishowe akakohoa, kikohozi kilekile alichokuja kukiondoa, na pumzi ikarudi kwa vipande.

Alipotulia, Sista akaishika fomu.

"Saini hii ni yako. Ulimuuliza?"

Nikaitazama saini. Nyuma yetu, kwenye machela, sauti ikatoka kama inayokwaruza bati.

"Aliniuliza, Sista. Mimi nalidanganya."

Sista akamgeukia. Alimkaripia kama mtoto, mbele ya wabeba machela: mzee mzima mwenye mvi, mwongo, anataka kuwaachia watu maiti mezani. Mzee Marjan akajibu kila mara kwamba ndiyo, amekosa. Nami nikanyamaza.

Nilipomsindikiza wodini nilimwuliza kwa kunong'ona kwa nini. Alisema huku akipumzika kati ya maneno.

"Mkwe wangu alitoka asubuhi, akasema anaenda sokoni. Mwaka mzima sasa hajarudi. Tangu hapo binti yangu, Zamzam, akiona mutu anatoka bila kunywa kahawa yake, anajua iko kitu, anaanza kulia. Mimi nalimwambia naenda kununua vitambaa tu. Sasa nitaikataa namna gani? Nikakunywa."

"Na mimi, baba? Kwa nini ulinifichia kosa langu?"

"Siku hizi mkubwa akikuandika vibaya, nani anajua barua yake itasomwa wapi? Mimi mzee, wacha anitukane. Matusi haiui mutu." Akafunga macho. "Lakini wiki ijayo, binti, uniulize."

Wiki iliyofuata alikuja na Zamzam, ameshamweleza yote. Nilichuchumaa mbele ya benchi zima nikauliza kwa sauti: amekula, amekunywa, hata maji, tangu lini? Masikio yaliniwaka. Kijana mmoja akadakia kwamba mzee ajihadhari, msichana huyu anamkagua kama anayetaka kuolewa. Benchi likacheka, mzee naye akacheka hadi akakohoa, kisha akajibu moja moja.

Mrija ulipofika katikati, kidole kikainuka. Daktari Mkuu alisema bado kidogo tu.

"Ameinua kidole, Daktari," nikasema, na safari hii hakuna aliyeniomba nirudie. Akauvuta. Mzee akapumua. Mara ya pili ukafika mwisho.

Hapakuwa na uvimbe. Njia za hewa zilikuwa zimelegea na kupanuka, usaha umetuama humo kama maji ya mvua mtaroni. Dawa ya kuufuta ugonjwa ule haikuwepo. Tulimfundisha kulala kila asubuhi kichwa kikiwa chini ya kiuno, Zamzam akimgonga mgongo mpaka makohozi yatoke. Akarudi kwao akiwa mgonjwa, lakini hai.

Mwaka 1977 nilihamishiwa zahanati ya Koboko, chini ya Mganga Msaidizi aliyekuwa mkali kwa dawa na mpole kwa watu. Mzee Marjan alipita pale kila mwezi. Jambo lile hakulitaja kamwe, wala mimi. Vita vya 1979 vilipotufikia, Zamzam alimvusha mpaka wa nchi kwa baiskeli, na huko ndiko alikozikwa. Sista Mkuu naye alikuwa ameshahama. Hakubaki wa kumwambia ukweli.

Nilifanya kazi za vifua miaka mingi baada ya hapo, nikawa mimi ndiye ninayewakaripia wengine. Siku ya kustaafu walisoma faili langu mbele ya watu: miaka yote, hakuna kosa hata moja lililoandikwa. Walipiga makofi. Nami, kwa haya zilezile, niliinamisha kichwa nikashukuru.

Msiniige katika hilo. Mahali fulani kwenye makabati ya hospitali ile iko fomu ya fundi cherehani wa Koboko, na Sista ameandika chini yake kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa alidanganya. Hakudanganya. Mimi sikumuuliza.